Siafu wamevamia banda la kuku Waithaka, na mbele ya nyumba kuna sisimizi wekundu. Naomba msaada

Mkazi_Waithaka

Hamjambo wadau. Natafuta watu waliowahi kupambana na siafu kwenye boma la mjini. Niko Waithaka, Nairobi, ploti ya robo ekari, udongo ule mwekundu, ua wa kayaba, ile miti ya miiba, pande mbili. Nyuma ya nyumba nina banda la kuku wa kienyeji, vizimba vya sungura, na sukuma wiki kando ya tangi la maji.

Tangu masika yakolee, siafu wanakatiza kiwanjani kila mara. Kwa kawaida hufuata ua na kuishia kwa jirani. Juzi usiku hawakupita. Mbwa ndiye aliyetuamsha. Tulipotoka na tochi, mabati ya banda yalikuwa meusi kuanzia chini hadi juu, kuku wamebanana kwenye kijiti cha kulalia, na yule aliyekuwa ameatamia hakuinuka. Walimmalizia juu ya mayai yake. Vifaranga tulinusuru wachache. Mke wangu aliingia na malapa, miguu yote imevimba.

Maswali ni mawili. Kiota chao nakipataje nikakiangamize? Nimefuata mstari mpaka kwenye kayaba nikaupoteza. La pili, mbele ya nyumba wanapochezea watoto kuna sisimizi wadogo wekundu, wenye vilima vya udongo laini kwenye nyasi. Ukikanyaga wanapanda mguuni na wanachoma vikali. Nimesoma kwenye intaneti ushauri mwingi wa kuua sisimizi wa moto wa Marekani. Je, dawa hizo zinafaa kwa hawa? Na kwa siafu je?

Kijana_Mwiki

Pole sana ndugu. Mwaga petroli kwenye mstari wao, washa. Usiku huo huo wameisha.

Mama_Vifaranga

Pole baba watoto. Kuku aliyeatamia ndiye hufa kwanza kwa sababu haachi mayai, na hilo linauma kweli.

Petroli usiguse. Banda la mbao, chini kuna maranda makavu, halafu mtu anawasha moto saa nane usiku huku amepaniki? Utapoteza kuku, utapoteza na nyumba. Hata usipowasha, petroli inabaki kwenye udongo unaoota sukuma unayolisha watoto.

Mimi hufuga kuku huku Uthiru, na siafu huja masika na vuli bila kukosa. Hivi ndivyo ninavyofanya. Nina debe la majivu makavu ambalo halitoki chini ya paa. Jioni ya mvua namwaga mstari wa majivu kuzunguka banda, upana wa kiganja na zaidi, ndani ya paa linapofunika. Majivu yakilowa hayana kazi tena, siafu watayatembelea kama njia ya kawaida, kwa hiyo usimwage penye kunyeshewa. Wakiwa tayari wameshafika, nachota majivu ya moto kwenye jiko kwa koleo na kuyamwaga mbele ya kichwa cha mstari, upande wa banda. Wanageuka. Si lazima uwaue, unataka wageuke tu.

Jambo kubwa kuliko yote ni mlango. Banda langu lina kijilango cha pili upande wa nyuma, kimefungwa kwa kamba inayofika mpaka ukutani kwa nyumba. Kuku akiweza kutoka, siafu hawamwezi. Kuku mzima ana miguu na mabawa. Wanaokufa ni waliofungiwa, walioatamia, na vifaranga. Hao wa mwisho, nikiona mstari wa siafu jioni, nawaweka kwenye kapu na kulala nao jikoni.

Kijana_Mwiki

Mama, majivu tumeyajaribu, wanazunguka. Wanatafuta pengo mpaka walipate.

Mama_Vifaranga

Ni kweli wanatafuta pengo, ndiyo maana mzunguko lazima ukamilike. Angalia pia nyasi au tawi linalogusa ukuta wa banda. Hapo ndipo wanapovukia. Fyeka pande zote, hatua moja nzima ibaki udongo mtupu. Kizimba cha sungura kiinue kwa miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Funika kopo kwa kipande cha bati lisijae maji ya mvua, na lisiwe mahali mtoto anafikia.

Mwalimu_Mstaafu_Langata

Nimefundisha biolojia miaka mingi na jambo hili nalipenda, niruhusuni niandike kwa kirefu kidogo. Nadhani swali la kwanza la ndugu yetu lina kosa ndani yake, na kosa hilo ndilo linalowatia watu gharama.

Anauliza kiota kiko wapi akakiangamize. Siafu hawana makao ya kudumu. Ni jamii ya Dorylus, na huku nyanda za juu anayesumbua zaidi ni Dorylus molestus. Wanachimba ardhini, wanakaa siku kadhaa au wiki kadhaa, wakishawinda eneo lile wanahama wote, malkia, mabuu na kila kitu. Kundi moja lina mamilioni. Makundi makubwa ya jamii hii hufikia hata milioni 20. Malkia mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya milioni kwa mwezi. Sasa mtu anapomwaga sufuria ya maji moto kwenye shimo aliloliona, anaua wale wa juu, nao walio chini hata habari hawana. Idadi uliyoua inazibwa kabla hujanunua makaa mengine.

Vibarua, yaani siafu wale wafanyakazi, wote hawana macho. Wanaongozwa na harufu na mtikisiko wa ardhi. Ndiyo sababu ukiupiga mstari dawa katikati hawaachi safari. Harufu ya njia inakatika, wanatapakaa kila upande, na mlango wa jikoni ukiwa karibu wataingia humo. Kuna watu wengi waliowaingiza siafu chumbani kwa njia hiyo, wakiamini wanawafukuza.

Tazameni wamebeba nini. Ukiona maelfu wanakwenda upande mmoja wamebeba vitu vyeupe, hayo ni mabuu yao, na kundi linahama. Kaa mbali, waache wapite, hamishia mifugo upande wa pili. Inaweza kuchukua siku nzima na zaidi, lakini wakipita wamepita. Ukiona wanakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, na wanaorudi wamebeba vipande vya wadudu na minyoo, hao wanawinda, na kituo chao hakiko mbali. Hapo ndipo ulinzi wa usiku unahitajika kwa siku kadhaa mfululizo.

Na wale wadudu wakubwa wa kahawia wenye mabawa na tumbo refu, wanaogonga taa ya veranda wakati wa mvua? Hao ni madume wa siafu. Hawaumi. Wakija kwenye taa yako, jua kuna kundi ndani ya ujirani wenu.

Mkazi_Waithaka

Mwalimu umenifungua macho. Hao wa taa tumewaona wiki iliyopita na watoto waliwaogopa sana. Kwa hiyo siafu wenyewe siwezi kuwamaliza kabisa?

Mwalimu_Mstaafu_Langata

Huwezi, na kwa maoni yangu usijaribu. Wanakula mende, panya wachanga, viwavi, mchwa. Wazee wetu siafu wakiingia nyumbani walitoka na watoto, wakangoja nje, wakarudi nyumba ikiwa haina mdudu hata mmoja. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna kiumbe kilichofungwa kisichoweza kukimbia. Hiyo ndiyo vita unayoweza kushinda.

Agroveti_Dagoretti

Nakubaliana na mwalimu kwa sehemu kubwa, ila tusiwakatishe watu tamaa ya dawa kabisa. Dawa ina mahali pake.

Wateja huja dukani wakisema "nipe ya kuua siafu". Nawauliza wanataka kunyunyiza wapi. Akisema kwenye mstari, simuuzii mpaka tuzungumze. Dawa za jamii ya pairethroidi, kwa mfano saipamethrini, zinasaidia ukizinyunyiza kama ukanda kwenye msingi wa banda kwa nje, kwenye nguzo na kwenye njia ya kuingilia. Siafu wakifika pale wanakufa au wanarudi. Toa kuku, toa vyombo vya chakula na maji, nyunyiza, acha ikauke kabisa, ndipo uwarudishe. Usinyunyize kiota cha kutagia. Jua na mvua huichosha, kwa hiyo masika utarudia kama lebo inavyosema, wala usiongeze kipimo. Kama una paka, tahadhari na pamethrini kwa sababu mwili wa paka hauwezi kuiondoa. Wenye bwawa la samaki, dawa hizi zote ni hatari kwa samaki.

Kuna pia zinazotokana na pareto, maua yaleyale yanayolimwa huko Molo na Kinangop. Zinapiga haraka na hazidumu juani, kwa hiyo zinafaa ukiwa na dharura bandani lakini si za kujenga ukanda wa wiki nzima.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Usinunue kichupa kisicho na lebo kwa mchuuzi wa barabarani. Kila dawa halali ya wadudu Kenya ina namba ya usajili yenye herufi PCPB, ile bodi inayosimamia bidhaa za kudhibiti wadudu. Isipokuwepo, rudisha. Bado kuna watu wanakuja kuulizia Furadan ya kumwaga shimoni. Iliondolewa sokoni Kenya mwaka 2009 baada ya simba na tai kuuawa kwa sumu hiyo. Punje chache zinaua ndege, na kuku ni ndege. Mtu akikuuzia leo kwa siri, hujui anakupa nini, na mtoto wako anacheza kwenye udongo huo huo.

Nesi_wa_Usiku

Kwa mama aliyeumwa: siafu huuma kwa taya, na askari wao akishikilia ukimvuta kiwiliwili hukatika, kichwa kinabaki kwenye ngozi. Toa vichwa vyote kwa kibano, osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha maji baridi. Usikune, vidonda vya kujikuna ndivyo vinavyoingia usaha. Uvimbe wa mguuni pekee hutulia. Lakini mtu yeyote akivimba uso au midomo, akipata shida ya kupumua, au akizirai baada ya kuumwa na mdudu wa aina yoyote, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Na tafadhali, gambuti. Suruali ndani ya gambuti, kabla ya kutoka na tochi.

Kaka_wa_Houston

Hilo swali la pili naweza kusaidia kidogo, kwa sababu nimeishi Texas na nimechomwa nao.

Sisimizi wa moto wanaoandikwa kila mahali kwenye intaneti ni Solenopsis invicta. Asili yao ni Amerika Kusini. Waliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930, na leo wameenea majimbo ya kusini yote. Tofauti na siafu, wanashika ngozi kwa taya halafu wanachoma kwa mwiba wa nyuma wenye sumu. Kesho yake kila alama inakuwa kipele chenye kichwa cheupe. Kilima chao hakina tundu juu, wanatoka kwa njia za chini ya ardhi. Makao yao ni ya kudumu, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo na siafu: mahali wanapoishi panajulikana.

Kwa hiyo kule wanafanya hatua mbili. Kwanza wanatawanya chambo eneo lote, ambacho ni punje za mahindi yaliyosagwa zilizolowekwa mafuta ya soya na sumu ya polepole. Vibarua wanabeba, wanalishana, inafika kwa malkia kabla hawajashtuka. Baada ya siku kadhaa, vilima vilivyobaki karibu na mlango au pa kuchezea watoto vinashughulikiwa kimoja kimoja. Sumu ya haraka inaharibu kila kitu, kwa maana kibarua anafia njiani.

Maji moto nayo yanatumika kule, lita kama 11 kwa kilima kimoja, na yanaua takribani asilimia 60 ya vilima vinavyomwagiwa. Sio vyote. Na utachoma nyasi.

Jirani_Kawangware

Mimi nilisikia unga wa mahindi mkavu unawapasua matumbo. Wanakula, unavimba ndani.

Mwalimu_Mstaafu_Langata

Hapana, ndugu yangu. Sisimizi aliyekomaa hamezi chakula kigumu, anameza majimaji tu. Vipande vigumu hupelekewa mabuu, na mabuu ndiyo yanayovimeng'enya. Unga utawalisha vizuri tu.

Agroveti_Dagoretti

Namuunga mkono kaka wa Houston juu ya sumu ya polepole, ila nisingemwambia ndugu wa Waithaka aagize chambo cha ng'ambo kabla hajajua sisimizi wake ni nani. Kenya tuna aina nyingi za sisimizi wadogo wekundu. Wengine wanapenda sukari, wengine mafuta na nyama. Ajaribu hivi: asubuhi nyasi zikiwa kavu, aweke tone la maji ya sukari kwenye kifuniko kimoja, na kipande kidogo cha nyama yenye mafuta kwenye kingine, karibu na kilima. Atazame wamejaa wapi.

Wakienda kwenye sukari, kuna chambo cha kutengeneza nyumbani. Asidi ya boriki kutoka duka la dawa, kijiko kimoja kidogo kilicho sawa, vijiko kumi vya sukari, nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Koroga mpaka iyeyuke. Loweka pamba, tia ndani ya kopo lenye vitundu vidogo, funga kifuniko kwa nguvu, lifukie nusu kando ya njia yao. Kipimo kisizidi. Watu wanadhani boriki nyingi itaua haraka, na kweli inaua haraka, wachache tu waliokunywa, kiota kinabaki. Ikiwa kidogo wanarudi nayo nyumbani. Mtoto na mbwa wasilifikie kopo hilo, na uliandike SUMU.

Wakienda kwenye nyama, njoo dukani tuangalie chambo cha jeli au punje kilichosajiliwa. Ukitaka kuwajua kwa jina hasa, weka kadhaa kwenye kichupa cha spiriti ukaulize Makumbusho ya Taifa, au kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Kasarani.

Mfuga_Nyuki_Karen

Naombeni neno moja kwa niaba ya nyuki. Sisi tulio karibu na msitu wa Ngong Road tunaishi na siafu, na wanaweza kuingia mzinga usiku mmoja wakauacha mtupu. Hata hivyo jirani akipiga pampu ya mgongo mchana, maua yakiwa wazi, hasara yangu ni kubwa kuliko ya siafu. Nyunyizeni jioni nyuki wakiwa wamerudi, kwenye msingi wa banda tu, sio kwenye ua wala kwenye maua ya kayaba. Mizinga yangu nimeitundika kwa waya kati ya nguzo, na waya nimeupaka grisi. Siafu wanafika kwenye nguzo, wanarudi. Hakuna dawa niliyotumia.

Kijana_Mwiki

Nimewasoma wote. Bado naamini mtu akiona kuku wanakufa hawezi kusimama na kuangalia siafu wakipita kwa heshima. Lakini hoja ya moto na maranda nakubali. Hapa kwetu vyumba vya mabati vimebanana, cheche moja inatosha kutuunguza wote.

Mama_Vifaranga

Hakuna aliyekwambia usimame uangalie, mwanangu. Fungua kijilango, beba vifaranga, mwaga majivu. Mikono yako itakuwa na kazi ya kutosha.

Mkazi_Waithaka

Wadau, asanteni kutoka moyoni. Nimerudi kuwaeleza.

Tumefyeka kuzunguka banda na kukata matawi ya kayaba yaliyokuwa yameegemea mabati. Fundi ametoboa kijilango cha nyuma na kufunga kamba hadi dirisha la chumba chetu. Rundo la samadi lililokuwa limegusa ukuta wa banda tumelihamisha mwisho wa shamba, kwa sababu nilipoligeuza kwa jembe nilikuta limejaa minyoo, nikaelewa kwa nini mstari ulikuwa unalenga pale. Siafu wamerudi tena baada ya mvua kubwa. Walikuja mpaka kwenye majivu, wakatafuta, wakageukia kwenye samadi na kukaa huko usiku kucha. Kuku wote wazima. Mke wangu alikuwa na gambuti.

Wale wekundu walijaa kwenye sukari, nyama hawakuigusa. Nimeweka makopo ya boriki. Siku za kwanza waliongezeka nikaanza kuogopa, sasa vilima viwili vimenyamaza na kimoja bado kina watu wake. Watoto wanachezea upande mwingine kwa sasa.

Swali la mwisho: jirani amenipa chupa yenye fiproni, dawa ya kuua wadudu, anasema nipake chini ya vizimba vya sungura kama ukanda. Ina lebo na namba ya PCPB. Nipake?

Agroveti_Dagoretti

Usipake. Fiproni na sungura haviendi pamoja, inaweza kuwaua hata kwa kiasi kidogo cha kulamba manyoya. Mrudishie jirani. Kwa sungura baki na miguu iliyoinuliwa na makopo ya oili, na kagua jioni kama kuna jani lililoangukia oili likawa daraja. Lile kopo la boriki kwenye kilima kilichobaki, badilisha maji yake, yakichacha hawayanywi.